Picha ya "Mkate" na Wanawake wa Shamba

Mwaka 1949 bibi mchoraji wa Ukraine, Tatyana Yablonskaya, alimaliza picha kubwa ya rangi aliyoiita "Mkate". Imehifadhiwa katika nyumba ya picha ya Tretyakov, mjini Moscow.

Picha yaonyesha uwanja wa nafaka. Chungu la ngano lang'aa kama dhahabu, na wanawake waliojifunga vitambaa kichwani wanajaza magunia. Mmoja amesimama katikati akikunja mkono wa nguo yake, tayari kwa kazi.

Kazi hiyo ilikuwa ya kweli. Wanaume wengi walikufa katika vita vya 1941 hadi 1945, na mzigo wa mashamba ukawaangukia wanawake. Lakini ujira haukuchorwa. Katika mashamba ya ushirika kila mtu aliandikiwa "siku za kazi", akalipwa kutokana na kile kilichobakia baada ya serikali kuchukua fungu lake. Mwaka 1946 na 1947 njaa iliingia Ukraine, na nafaka iliendelea kuchukuliwa. Ujira wa hakika wa kila mwezi haukuanza ila mwaka 1966.

Picha ilipata Tuzo ya Stalin mwaka 1950. Wapimao karafuu kwa pishi watafahamu upesi: sifa ni njema, lakini haijazi kibaba. Mwenye kuitazama picha hiyo na aitazame mikono inayojaza gunia, kisha aulize gunia lilikwenda wapi.