Mgeni wa Pwani, uliza upepo kabla ya kuuliza bei

Kila likizo ikikaribia, simu yangu haitulii. Mara ni jamaa zangu walioko Nairobi, mara ni rafiki niliyesoma naye chuo, mara ni shangazi anayeishi Uingereza na anayetaka watoto wake waione nchi ya mama yao. Wote huuliza yale yale. Hoteli ipi nzuri? Bei gani? Gari la kwenda Tsavo linapatikana? Hakuna hata mmoja anayeniuliza upepo gani utakuwa unavuma mwezi huo, na wala hawaulizi bamvua ni lini.

Mimi naona hayo mawili ndiyo maswali ya kwanza. Wageni wengi wanaoondoka Pwani na kinyongo hawakukosea mahali, walikosea wakati. Wamelipia kuona samaki wa rangi wakakuta maji yamevurugika. Wamefika ufukweni na watoto wakakuta bahari imekwenda mbali, limebaki tope na majani. Wengine wamepanda mashua siku ambayo wavuvi wenyewe wamevuta ngalawa zao juu mchangani. Pesa ikipotea hurudi, lakini roho ikipotea hairudi. Kwa hivyo leo naomba nieleze, kwa faida ya mgeni na ya sisi tunaompokea, jinsi mwaka wa huku kwetu unavyokwenda.

Pepo mbili, bahari mbili

Pwani ya Kenya ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban Disemba hadi Machi. Huu ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi kutoka Omani na nchi za Ghuba. Kusi hutoka kusini mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba au Oktoba, na ndio uliokuwa ukiyarudisha kwao. Kati ya pepo hizi kuna vipindi vifupi ambapo upepo haujaamua uvume kutoka wapi. Wazee wetu huviita maleleji.

Wakati wa kaskazi bahari hutulia na maji huwa safi. Mwenye kutaka kupiga mbizi, au kuelea juu ya matumbawe kwa miwani kule Kisite, Watamu au Malindi, na aje msimu huu. Lakini ajue kuwa joto litamkuta. Februari na Machi ndiyo miezi ya moto kabisa, mchana unapita nyuzi 30 na usiku shuka haishikiki.

Kusi ni habari nyingine. Mawimbi huwa makubwa nje ya mwamba, maji hupoteza uangavu, na mwani hutupwa ufukweni kwa marundo. Wageni wengi hudhani huo ni uchafu tusioutaka kuufagia. Si uchafu. Mwani ule hushika mchanga usiliwe na mawimbi, na ndani yake mna vijidudu wanaolisha kaa na ndege. Ukitaka ufuo mweupe kama wa kwenye picha, usije Juni. Ukitaka hewa ya kipupwe, usiku wa kulala bila feni, na upepo wa kurushia tiara za baharini, basi Juni hadi Agosti ndiyo miezi yako.

Mvua nazo zina zamu mbili. Ile kubwa, tunayoiita mvua ya mwaka, huanza mwishoni mwa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wake mkali. Ile ndogo ni vuli, kati ya Oktoba na Disemba. Mei barabara za udongo huteleza na baadhi ya hoteli na vituo vya kupiga mbizi hufunga. Pia, mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki huteremka na udongo wa mashamba ya watu hadi baharini, na maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Usimlaumu mwenye hoteli kwa hilo. Udongo huo umesafiri kutoka nyanda za juu, karibu na Nairobi huko huko ulikotoka wewe.

Mwezi ndio saa ya bahari

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kwa mwendo wa saa sita hivi, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, huja bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini hukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana.

Sisi tunaofuata kalenda ya Kiislamu tuna wepesi hapa. Ukijua tarehe ya mwezi, umeijua bahari. Kuanzia tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, tarajia bamvua. Karibu na tarehe 8 hadi 10, na 22 hadi 24, tarajia maji mafu. Na katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi na saa nne usiku, na hujaa karibu na saa kumi, ya alfajiri na ya jioni. Asiyefuata mwezi na atazame juu usiku, au aulize mvuvi yeyote.

Elimu hii ina kazi gani kwa mgeni? Kwanza, atajua saa ya kuogelea na saa ya kutembea mwambani. Pili, ataepuka hatari ambayo wengi hawaijui. Ndani ya mwamba, kama kule Diani, maji huwa matulivu kama birika. Lakini mwamba una milango yake, na maji yanapopwa hutokea hapo kwa nguvu. Vivyo hivyo kwenye midomo ya hori za Kilifi, Mtwapa na Mida. Mtu anayeogelea karibu na mlango wakati wa bamvua anaweza kuvutwa nje hata kama ni hodari. Ukishikwa na mkondo, usishindane nao uso kwa uso. Elea, tulia, kata upande sambamba na ufuo hadi utoke ndani yake, kisha ndiyo urudi.

Tatu, anayetembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa asisahau kuwa yatarudi, tena yatamjia kwa nyuma kupitia mabonde ya mchanga. Geuka mapema. Na vaa viatu. Kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu, na kuna samaki anayefanana na jiwe ambaye mwiba wake una sumu kali. Aliyechomwa na samaki huyo atiwe mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, na apelekwe hospitali mara moja.

Wanyama nao wana msimu wao

Watu husema hakuna wanyama wakati fulani. Wanyama wapo, wamebadilisha mahali tu. Tsavo, mbuga iliyotengwa mwaka 1948, huonekana vizuri zaidi wakati wa kiangazi, Januari na Februari, na tena Julai hadi Oktoba. Nyasi zimepungua na ndovu, wekundu kwa vumbi la huko, hukusanyika kwenye maji. Baada ya mvua nchi hupendeza kwa ukijani, lakini simba akilala kwenye nyasi ndefu utampita hatua kumi bila kumuona.

Asiyetaka safari ndefu aende Shimba Hills, Kwale. Ndiyo mbuga pekee nchini unakoweza kumuona palahala, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma. Au aende msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita 420 za mraba hivi, ambamo mna bundi mdogo wa Sokoke na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu. Huko nenda alfajiri, na uchukue mwongoza wageni wa pale. Peke yako utaona miti tu.

Ndege wa hori ya Mida huja kuanzia Septemba na kuondoka kama Aprili. Mmoja wao ni yule mweupe na mweusi anayekula kaa, ambaye huchimba kiota chake mchangani kwenye fukwe za Ghuba na Bahari ya Shamu. Ili kuwaona vizuri, fika maji yanapojaa, maana husukumwa karibu na mikoko.

Hata kusi ina zawadi yake. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita kwetu, wakitokea maji baridi ya kusini kabisa ya dunia kuja kuzaa kwenye joto. Anayekuja Agosti akalalamikia maji yaliyovurugika huenda hajui kuwa yupo katika miezi yao.

Kasa hupanda ufukweni usiku kutaga, zaidi kati ya Machi na Julai, na mayai huchukua takriban siku 50 hadi 60 kuanguliwa. Ukimkuta, zima tochi na simu, kaa mbali, usimpande wala usimguse. Mwanga humfanya arudi baharini bila kutaga. Mtu akikuuzia gamba au nyama ya kasa, jua anakuuzia kesi, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamlinda. Na kule Diani, usiwape chakula tumbili na nyani. Tumbili aliyezoea mkate wa mgeni huingia hadi vyumbani, akauma watoto, na mwisho wake huwa ni kuuawa. Mkate wako ndio ulioanza.

Vitu vidogo vinavyoharibu safari

Jua letu ni kali hata siku ya mawingu. Wengi huungua mgongo wakiwa wameinamisha uso majini, basi ogelea na fulana. Kunywa maji kabla ya kiu. Magharibi huingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja mwaka mzima, na giza huanguka haraka, kwa hivyo usipange kurudi kutoka msituni saa ya mwisho.

Malaria ipo, hasa mvua zikinyesha. Mtu wa Nairobi asijidanganye kuwa yeye ni mwenyeji, kwani mwili uliokulia kwenye baridi haujazoea ugonjwa huu. Amuone daktari kabla ya safari, alale ndani ya chandarua, na akipata homa hata baada ya kurudi nyumbani, apimwe. Malango ya mbuga za taifa hayapokei pesa taslimu, utalipa kupitia eCitizen. Na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa ndani ya mbuga hizo tangu Juni 5, 2020. Njoo na chupa yako.

Na sisi wenyeji je?

Sasa nigeukie upande wetu, kwa sababu lawama yote haiwezi kuwa ya mgeni. Najua Mei ni mwezi mgumu. Mashua imelala, ada ya shule inadaiwa, na mara anatokea mgeni mmoja na pesa mkononi akitaka kwenda nje ya mwamba. Ulimi hushawishika kusema, "Bahari iko sawa, twende." Nahodha mmoja mzee wa kusini ya Mombasa aliwahi kuniambia, "Mwanangu, mimi mgeni humpeleka asubuhi tu wakati wa kusi. Upepo ukipanda adhuhuri, pesa yake haina thamani kwangu." Yule ndiye mwalimu. Hakukataa kazi, aliipa kazi wakati wake.

Tufanye hivyo sote. Mwenye mashua atoke mapema, kabla upepo haujaongezeka, na asiondoke bila jaketi la kuokoa maisha kwa kila abiria, pamoja na watoto. Idara ya Hali ya Hewa ikitoa onyo la upepo mkali na mawimbi, mashua ilale. Mwenye nyumba ya wageni amwambie mteja ukweli kwamba Juni kuna mwani na Machi kuna joto, kisha ampe kinachofaa mwezi huo, iwe ni Shimba Hills, Mji Mkongwe na Fort Jesus, mikoko ya Mida, au nyangumi. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakumaanisha mwenyeji apone leo tu. Mgeni aliyeambiwa ukweli hurudi, tena hurudi na wenzake. Aliyedanganywa huondoka na hadithi, na hadithi mbaya haihitaji nauli ili ifike mbali.

Kwa hivyo wewe unayepanga safari, kabla ya kulipia chumba muulize mwenyeji wako mambo matatu. Upepo gani mwezi huo? Bamvua ni lini? Mvua imefika wapi? Akijibu bila kubabaika, mtu huyo anaijua nchi yake na unaweza kumuamini. Akikuambia kila mwezi ni mzuri kwa kila kitu, tafuta mwingine. Karibuni Pwani, na Mwenyezi Mungu awafikishe na kuwarudisha salama.