Je, Wajua? Seva Nyingi kwa Taswira Moja

Je, wajua kwamba seva mpya yaweza kuwa tayari kwa kazi ndani ya dakika chache? Fundi huandaa seva moja kwa makini, akaiwekea Linux na programu zote, kisha akahifadhi taswira ya diski yake, yaani nakala yake kamili, ambayo seva mpya huundwa kutokana nayo. Amazon ilipofungua EC2, huduma yake ya kukodisha seva, mwaka 2006, huduma hiyo ilijengwa juu ya taswira za namna hii. Seva inapowaka mara ya kwanza, programu ya cloud-init huipa jina na mipangilio yake.

Jambo la kuangalia sana ni funguo za siri za SSH, ambazo seva hujitambulisha nazo kwa anayeiingia kwa mbali. Zikisahaulika ndani ya taswira, seva zote hubeba utambulisho mmoja, na mwizi wa ufunguo mmoja anaweza kujifanya seva yoyote kati ya hizo. Zifutwe kabla ya kuhifadhi. Kila seva itajitengenezea zake.