Pazia Mbele ya Macho ya Mwanafunzi

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia, wakiwa na maana kwamba mtu hawezi kukatazwa kutazama. Hata hivyo, katika madarasa yetu wamo vijana ambao mbele ya macho yao limetundikwa pazia jembamba, wasilolijua wao wenyewe, wala wazazi wao, wala walimu wao. Vijana hao hutazama ubao tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho, na wasiusome. Mwaka unapokwisha huandikiwa kwamba wameshindwa, na sababu inayotajwa ni uvivu au uzito wa akili. Pazia hilo ni kasoro ya macho isiyorekebishwa, na ndilo tutakalolizungumzia leo.

Tuchukue mfano wa Minago, katika barabara ya kitaifa namba 3 itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, penye Ziwa Tanganyika upande mmoja na milima upande wa pili. Hapo ni mahali pa wavuvi na wakulima wa michikichi. Kijana asiyeona mbali, akiwa nyumbani Minago, huweza kutengeneza wavu uliochanika, kuchambua ndagala, kuhesabu fedha za mawese na kusoma ujumbe katika simu ya babake bila shida yoyote. Kazi zote hizo zi mkononi mwake. Ni nani basi atakayeshuku kwamba macho yake yana kasoro? Lakini mweke ufukweni usiku, umwulize taa za mitumbwi zilizoko majini ni ngapi. Mwenzake atazihesabu moja moja. Yeye ataona mwanga uliotawanyika kama unga uliomwagika.

Yafaa tueleze jambo hili linavyotokea. Jicho lenye afya hupokea mwanga na kuukusanya juu ya utando ulioko nyuma ya jicho, uitwao retina. Kwa baadhi ya watu, jicho hurefuka kupita kiasi, na mwanga hukusanyika kabla ya kuufikia utando huo. Huko ndiko kutoona mbali. Kwa wengine jicho ni fupi, nao huchoka upesi na kuumwa kichwa wanaposoma kitabu, ingawa ubao wanauona. Wapo pia wale ambao kioo cha mbele cha jicho hakikupinda sawasawa pande zote, na kwao herufi huvutika na kupinda, karibu na mbali.

Nguvu ya miwani hupimwa kwa kipimo kiitwacho dayopta. Kijana anayehitaji lenzi ya kutoa dayopta 1 huona vema hadi umbali wa mita 1 tu. Mwenye kutoa 2 huona vema hadi sentimita 50, na mwenye kutoa 3 hadi sentimita 33, yaani urefu wa rula ya shuleni na kidogo zaidi. Sasa tufikiri: ni darasa gani ambalo ubao wake uko sentimita 50 kutoka dawati la nyuma?

Kasoro ya kutoona mbali huanza mara nyingi mtoto akiwa wa umri wa kwenda shule, nayo huzidi katika miaka ya kubalehe, kwa kuwa jicho hukua pamoja na mwili. Hukua polepole mno. Kijana halali akiona vizuri na kuamka haoni. Hupoteza kidogo mwaka huu na kidogo mwaka ujao, akidhani kwamba watu wote huuona ulimwengu kama yeye auonavyo. Ndiyo maana halalamiki. Mtu hawezi kudai kitu asichojua kwamba amekikosa.

Na miaka hiyo ndiyo ambayo ubao una thamani kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Nchini Burundi karo ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, na watoto wengi wakapata nafasi ambayo wazazi wao hawakuipata. Ni hatua ya kujivunia, lakini madarasa yalijaa. Kuanzia mwaka 2013 elimu ya msingi ilipangwa kuwa ya miaka 9, na mwisho wake kuna mtihani wa taifa. Pale vitabu visipotosha, ubao ndio kitabu cha wote. Mwalimu huandika, wanafunzi hunakili, na daftari hilo ndilo msingi wa kujiandaa kwa mtihani. Kijana asiyeona mbali hunakili kutoka kwa jirani, hurudia makosa ya jirani, huruka mistari, hugeuza 3 kuwa 8 katika hesabu. Siku ya mtihani, karatasi imewekwa mbele yake, karibu, naye anaisoma herufi kwa herufi. Anashindwa, na kwa kuwa karatasi aliiona, hakuna anayeyatuhumu macho. Lakini kilichomwangusha ni daftari lenye mapengo ya mwaka mzima.

Je, vijana wa namna hiyo ni wengi? Tutazame kwa jirani zetu. Katika jiji la Mwanza, nchini Tanzania, wataalamu waliwapima wanafunzi 2,511 wa sekondari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002. Wanafunzi 154, yaani asilimia 6.1, walikuwa na kasoro kubwa ya kuona inayorekebishwa kwa miwani, na kutoona mbali ndiko kulikoongoza. Miongoni mwao, wenye miwani hawakufika hata theluthi moja. Mwanza si Minago, na kila mahali pana hesabu yake. Lakini tukikichukua kiwango hicho kama kielelezo, darasa la vijana 60 lingekuwa na watatu au wanne wa aina hiyo. Si wote wanaoshindwa shuleni wana kasoro ya macho. Wengi wana sababu nyingine kabisa. Hao watatu au wanne, hata hivyo, dawa yao inajulikana, nayo ni vipande viwili vya lenzi ndani ya fremu.

Kwamba dawa hiyo inafaa, ushahidi upo. Nchini China, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wasioona mbali waliopewa miwani bure walipata alama bora zaidi za hesabu kuliko wenzao wasiopewa. Lakini kupima tu hakutoshi. Huko Dar es Salaam, katika utafiti wa mwaka 2008, kundi moja la wanafunzi lilipewa miwani bure, na jingine likapewa cheti cha kwenda kununulia miwani. Baada ya miezi 3, asilimia 47 ya kundi la kwanza walikuwa wakiitumia miwani, na asilimia 26 tu ya kundi la pili. Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, cheti peke yake hakimsaidii mtoto wa mzazi asiye na uwezo. Pili, hata miwani ya bure huachwa ndani ya sanduku, ikiwa mvaaji anachekwa na kuitwa macho manne.

Hapa ndipo yanapoingia maneno yasiyo na msingi, ambayo yatupasa kuyakataa. Husemwa kwamba miwani huharibu macho, si kweli. Jicho la kijana hubadilika kwa kukua, liwe na miwani au lisiwe nayo. Husemwa kwamba dawa za majani zikitiwa jichoni huondoa ukungu. Hizo haziwezi kufupisha jicho lililorefuka, bali huweza kuleta vidonda na upofu. Wengine humnunulia kijana miwani ya kusomea ya wazee sokoni. Hiyo ni ya kuona karibu, na asiyeona mbali huzidishiwa giza.

Basi kifanyike nini? Mwaka 1862, daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, alitengeneza ubao wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, nao unatumika hadi leo. Unahitaji ukuta, mwanga wa mchana, umbali wa mita 6 na mwalimu aliyeelekezwa. Kila jicho lipimwe peke yake, kwa kuwa jicho zima huficha ubovu wa mwenzake. Anayeshindwa kusoma mstari wa 6/12 apelekwe kwa mtaalamu. Jirani zetu wa Rwanda waliwafundisha wauguzi wa vituo vya afya kupima macho na kutoa miwani, ili mwananchi asilazimike kusafiri hadi mji mkuu. Nalo Shirika la Afya Duniani, mwezi Mei mwaka 2024, lilianzisha mpango wa kuzisaidia nchi kupanua huduma ya miwani hadi mwaka 2030. Njia imekwisha kulimwa. Kilichobaki ni kuipita.

Nanyi wazazi na walimu, dalili mnazo mbele yenu. Kijana anayekunja uso atazamapo mbali, anayeinamia daftari hadi pua iliguse, asiyemtambua mjomba wake barabarani mpaka amkaribie, asikemewe kabla ya kupimwa. Kumhamishia dawati la mbele ni msaada wa leo, lakini si tiba. Na akiwa na maumivu ya jicho, jeraha, jicho lililopinda, au weupe katikati ya mboni, apelekwe hospitali bila kungoja.

Ndugu wasikilizaji, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kijana aliyeambiwa miaka mitatu mfululizo kwamba hana akili mwishowe huamini, na huacha shule. Hakuna aibu katika uvuvi wala katika kukamua mawese. Aibu ni kumwondoa mtoto darasani kwa kosa ambalo si lake. Kabla hatujaihukumu akili yake, tumfunike jicho moja, kisha la pili, tumwulize: mwanangu, unaona nini?