Nani Huiwahi Interleukini-2?

Tarehe 6 Oktoba 2025 Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kuonyesha jinsi mwili unavyoizuia kinga yake isiushambulie wenyewe, na habari hiyo inawagusa wagonjwa wa saratani kwa njia isiyoonekana upesi. Seli za kuzuia ambazo Sakaguchi alizieleza mwaka 1995 alizitambua kwa alama iitwayo CD25 iliyo juu ya utando wake, na alama hiyo si kitu kingine ila ni sehemu ya kipokezi cha interleukini-2, protini ambayo kwa miaka ipatayo 40 imekuwa ikitiwa mishipani mwa wagonjwa ili kuiamsha kinga dhidi ya uvimbe. Protini iyo hiyo, basi, huamsha na kutuliza, na linaloamua ni seli ipi iliyoiwahi.

Interleukini-2 ni mojawapo ya saitokini, yaani protini ndogo ambazo seli za kinga huzitoa ili kupashana habari. Iligunduliwa mwaka 1976 katika maabara ya Robert Gallo nchini Marekani, na jeni yake ilinakiliwa na Tadatsugu Taniguchi wa Japani mwaka 1983, ikawezekana kuitengeneza kwa wingi.

Kipokezi chake kina minyororo mitatu ya protini, alfa, beta na gama, iliyojichomeka katika utando wa seli. Ajabu ni kwamba alfa, ambayo ndiyo huidaka interleukini-2 kwanza, haiwezi kupeleka ujumbe wowote ndani, kwa kuwa mkia wake wa upande wa ndani una amino asidi 13 tu. Kazi yake ni kudaka na kushikilia mpaka beta ije kuungana nayo, na mwisho gama. Mikia mirefu ya beta na gama ikisogeleana, vimeng'enya viwili vilivyoganda juu yake, JAK1 na JAK3, hubandikana fosfati na kuibandika mikia yenyewe. Hapo protini iitwayo STAT5 hufika, nayo hubandikwa fosfati, huungana mbili mbili na kuingia katika kiini cha seli, ambako huwasha jeni za kuishi na kugawanyika. Miongoni mwa jeni hizo imo ya alfa yenyewe, hivyo seli iliyokwisha kupata huzidi kupata. Beta na gama bila alfa huweza kupeleka ujumbe uleule, ila huishika interleukini-2 kwa nguvu iliyo pungufu kwa takriban mara 100.

Seli za Sakaguchi hubeba alfa, yaani ile CD25, kwa wingi wakati wote, ilhali seli T za kumbukumbu na seli uaji asilia, ambazo huziua seli za saratani, zikiwa zimepumzika hutegemea beta na gama. Seli hizo za Sakaguchi zingeweza kuitwa seli T dhibiti, lakini kudhibiti huleta picha ya mkubwa anayetoa amri, nazo hazitoi amri: hupoza mapambano, kwa sehemu kwa kuimaliza tu interleukini-2 iliyotolewa na jirani zao, kwa kuwa zenyewe haziitengenezi. Kwa hiyo makala haya yanaziita seli tulizi.

Hali hii inafanana na maji ya bomba katika mtaa wenye mgao. Nyumba chache zimefunga pampu kwenye bomba la mtaa, na hizo hupata maji hata presha ikiwa ndogo kiasi kwamba jirani akifungua koki husikia upepo tu. Nyumba nyingine zina koki nzima na mabomba yasiyo na kasoro, ila hazina pampu, basi hungoja siku presha itakapopanda. Interleukini-2 kidogo ikitiwa mwilini, wenye pampu, yaani seli tulizi, huimaliza kabla haijawafikia wengine, na kinga hupoa badala ya kuwaka. Fundi anayetaka maji yafike kila nyumba anaweza kufungulia valvu kuu mpaka mwisho, au kuzizima pampu, au kupeleka maji mlangoni kwa mkokoteni, na tiba ya saratani imejaribu yote.

Aliyefungulia valvu ni Steven Rosenberg, mpasuaji wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Mwishoni mwa 1984, baada ya wagonjwa wengi kutopata nafuu, afisa mmoja wa jeshi la wanamaji mwenye saratani ya ngozi aina ya melanoma iliyosambaa alipewa dozi kubwa pamoja na seli zake mwenyewe zilizokuzwa maabara, na uvimbe wote ukatoweka. Dozi iliyokuja kuidhinishwa, mwaka 1992 kwa saratani ya figo na 1998 kwa melanoma, ni vizio 600,000 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 15, kila baada ya saa 8, hadi mara 14. Presha ya namna hiyo hupasua maungio: kuta za kapilari hulegea, maji ya damu huvujia katika nyama na mapafu, shinikizo la damu hushuka, na mgonjwa huhitaji uangalizi wa karibu mno. Kati ya wagonjwa 270 wa melanoma iliyosambaa, uvimbe ulisinyaa kwa 16% yao, na kwa 6% yao ulitoweka kabisa.

Kuzizima pampu, yaani kuibadili interleukini-2 isishikwe na alfa, kulivutia kampuni nyingi, ingawa dawa ya bempegaldesleukin, iliyotarajiwa sana, ilishindwa katika majaribio makubwa mwaka 2022.

Mkokoteni ni wa interleukini-15, saitokini nyingine. Hii hutumia beta na gama zile zile, lakini alfa yake hukaa juu ya seli nyingine kabisa, ambayo huishika protini hiyo na kumkabidhi jirani aliyeigusa. Inayodaka na inayopokea ujumbe ni seli mbili, na alfa ya seli tulizi haifui dafu hapo. Dawa ya nogapendekin alfa inbakicept ni interleukini-15 iliyobadilishwa amino asidi moja ili iishike beta kwa nguvu zaidi, tena iliyounganishwa tayari na kipande cha alfa yake. Marekani iliiidhinisha Aprili 2024 kwa saratani ya kibofu cha mkojo ambayo haijapenya kwenye msuli na haikutulia kwa BCG, bakteria wale wale wa chanjo ya kifua kikuu inayowaachia watoto wa Afrika Mashariki kovu mkononi. Katika majaribio yasiyo na kundi la kulinganisha, 62% ya wagonjwa 77 hawakuonekana tena na saratani. Dawa huchanganywa na BCG hiyo hiyo, huingizwa kibofuni kwa mpira mara moja kwa juma kwa majuma 6, na mgonjwa huizuia kwa saa 2 kabla ya kukojoa.