Wasia wa Kontena

Msafiri apitaye Soweto ya Mbeya, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia, aghalabu huyaona makontena yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam yakipita juu ya malori usiku na mchana. Mtindo huo wa shehena ulishika njia mwaka 1956, pale Malcom McLean alipopakia makontena 58 katika meli Ideal-X kutoka Newark hadi Houston, na watu wa kompyuta wakaja kuliazima jina; na hasa tangu Solomon Hykes alipoidhihirisha Docker, chombo cha kuundia makontena hayo, mwaka 2013, programu hufungwa pamoja na mahitaji yake yote katika kontena, ikafanya kazi karibu popote ipelekwapo.

Walakini kontena la programu likishaundwa, milango ya mtandao liliyofunguliwa, folda za nje lilizounganishwa nazo na maneno ya siri liliyokabidhiwa havibadilishiki tena; mwenye kutaka toleo jipya hana budi alivunje la kale na kuunda jingine, ilhali amri ndefu aliyoiandika mwaka uliopita imekwisha kupotea. Mimi nami yalinifika makubwa kuliko hayo hapa Soweto, katika kompyuta ya duka moja la jumla: nililifuta kontena la hesabu kabla ya kuchunguza data imewekwa wapi, kumbe ilikuwa humo humo ndani, na hesabu za miezi miwili zikatoweka nalo. Uso wa mwenye duka siku ile sijausahau.

Ndiyo maana nakithamini mno chombo kama runlike, ambacho mtu hukiita katika mstari wa amri kwa kukitajia jina la kontena, nacho, kwa kuyasoma maelezo ambayo Docker huyatunza na amri ya docker inspect huyatoa kwa urefu, humrudishia amri ya kuliunda upya, mfano wa wasia ulioandikwa mwenyewe angali hai. Viko vyombo, Watchtower kimojawapo, vifanyavyo kazi yote ya kubadili toleo bila kuulizwa. Lakini mimi napendelea hiki kinilazimishacho kusoma, maana ningaliisoma amri ya kontena lile la hesabu ningaliona kwamba haikutaja folda yoyote ya nje. Ila yafaa kuhadhari: maneno ya siri nayo hutoka humo waziwazi.

Sasa mimi hupakua toleo jipya kwanza, bando lisije likakatika katikati ya kazi. Kisha hulisimamisha kontena la kale, nikalibadili jina tu bila kulifuta, nikaunda jipya kwa amri niliyopewa na runlike, na kuliacha la kale limelala juma zima hadi mwenye duka aniambie hesabu zake ziko sawa.