Misumeno mikongwe ya minyororo katika biashara ya mbao ya Usambara

Katika biashara ya mbao ya Milima ya Usambara, msumeno wa mnyororo, au chensoo kama wengi wanavyouita, hauzeeki kwa kuhesabiwa miaka. Huzeeka vipuri vyake vinapoadimika sokoni, au magogo uliotengenezewa yanapokwisha au kuwekwa chini ya ulinzi wa sheria. Wakusanyaji wa Marekani, Sweden na Ujerumani wana hesabu nyingine: wao hutazama mwaka wa kutengenezwa, rangi ya kiwandani na kibati chenye namba. Msumeno uleule unaweza kuwa kitega uchumi huko Shume, Usambara, na pambo la kabati Ulaya, na bei yake ikatofautiana kwa sababu hiyo tu.

Biashara yenyewe iliitangulia mashine. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Mombo mwaka 1905. Wakati huo huo macho ya wafanyabiashara wa Kijerumani yalikuwa kwenye mwangati, mti wenye mbao nyekundu zinazonukia, uliojaa katika misitu ya Shume. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilijenga kiwanda cha kupasulia mbao mahali walipopaita Neu-Hornow, kisha ikaning'iniza njia ya kamba za chuma yenye urefu wa takribani kilomita 9 kutoka huko juu hadi Mkumbara, penye reli. Mitambo ya njia hiyo ilitoka kwa kampuni ya Bleichert ya Leipzig. Fedha nyingi zilikwenda kwenye usafiri, wala si kwenye ukataji. Mti uliangushwa kwa shoka na msumeno wa watu wawili, kazi iliyokuwa ya gharama ndogo kwa sababu malipo ya vibarua yalikuwa duni. Kulishusha gogo kwenye ukingo wa mlima ndiko kulikokula mtaji, na hali hiyo haijabadilika sana hadi leo.

Mahali kamba za chuma zisipofika, mti ulipasuliwa palepale ulipoangukia. Gogo liliinuliwa juu ya jukwaa au kulazwa juu ya shimo, mpasuaji mmoja akasimama juu akifuata mstari, mwenzake akavuta kutoka chini huku vumbi la mbao likimwangukia machoni. Mkulo wa Usambara Magharibi, podo, na mvule wa nyanda za chini ilipasuliwa hivyo kwa miongo mingi, na mbao zikateremshwa kwa kichwa. Kwa mtazamo wa uhasibu, mfumo huo ulikuwa mgumu kuushinda: bamba la msumeno wa mkono ni jembamba, halinywi petroli, na mtaji wake ni chuma kimoja na tupa ya kunolea.

Mashine iliyokuja kushindana nao ilizaliwa Ujerumani. Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme mwaka 1926, na Emil Lerp akaujaribu wa petroli mwaka 1927 kwenye mlima Dolmar huko Thuringia, mlima ulioipa kampuni yake jina. Misumeno hiyo ya kwanza ilihitaji watu wawili kuibeba. Wa Lerp ulikuwa na uzito wa kilo 58. Mabadiliko mawili ndiyo yaliyoufanya uwe chombo cha mtu mmoja. La kwanza ni mnyororo wenye meno yaliyopinda, uliobuniwa na Mmarekani Joseph Buford Cox na kuanza kuuzwa mwaka 1947. Cox alikuwa amemtazama buu wa mdudu anayetafuna mti, akaona kwamba hatafuni moja kwa moja mbele, bali hupeleka taya kushoto na kulia. La pili ni kupungua kwa uzito. McCulloch 3-25 ya mwaka 1949 ilifungua njia, na Stihl Contra ya mwaka 1959, isiyo na gia kati ya injini na mnyororo, ikawa na uzito wa takribani kilo 12. Mwaka huohuo wa 1959 Husqvarna ya Sweden, kiwanda kilichoanza kwa kutengeneza bunduki mwaka 1689, ikatoa msumeno wake wa kwanza.

Kwa misitu ya joto, majina makubwa yalikuja baadaye kidogo: Stihl 070 na 090. Ya kwanza ina silinda ya sentimita za ujazo 106, ya pili 137. Mzunguko wake ni wa taratibu, lakini nguvu ya kukokota ni kubwa, na hubeba baa ndefu ya kuingia kwenye gogo la mvule bila injini kuzimika. Muundo wake ni wa kikale: hauna breki ya mnyororo, mtikisiko unapanda hadi mabegani, na sehemu karibu zote hufunguliwa kwa bisibisi na spana za kawaida. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyoufanya uendelee kutengenezwa na kuuzwa katika nchi za joto kwa miongo kadhaa baada ya Ulaya kuhamia mashine nyepesi. Leo viwanda vya China huuza nakala zake, pamoja na vipuri vinavyoingia moja kwa moja kwenye mashine ya asili. Kwa fundi wa mlimani hiyo ni habari njema. Kwa mkusanyaji anayetaka kila parafujo iwe ya kiwandani, ni balaa.

Kilichoiondolea mashine hiyo kubwa kazi yake halali Usambara ni siasa ya maji na misitu. Katika miaka ya 1970 na 1980, Sikh Saw Mills ya Tanga, iliyokuwa chini ya shirika la umma la viwanda vya mbao, TWICO, ilivuna magogo ya misitu ya asili ya Usambara Mashariki kwa mitambo iliyopatikana kwa msaada wa Finland. Mtambara, mti usioota mahali pengine popote duniani kwa wingi kama huko, ulikuwa miongoni mwa iliyoliwa zaidi. Wanasayansi na wakazi walilalamika: mteremko uliochanwa na matrekta humwaga udongo, na Mto Sigi unaotoka katika milima hiyo ndio unaoinywesha Tanga. Finland yenyewe iligharamia tathmini ya misitu ya Amani, huko Usambara Mashariki, mwaka 1986 na 1987, na uvunaji wa mitambo katika misitu hiyo ukakomeshwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani; kwa upande wa magharibi, msitu wa Magamba juu ya mji wa Lushoto nao ukapewa hadhi kama hiyo baadaye. Mfadhili kulipia mashine, kisha kulipia utafiti wa kuisimamisha, ni jambo ambalo wachumi wa misaada wangefaa kulifundisha darasani.

Magogo halali yaliyobaki ni membamba. Shamba la miti la Shume, lililo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, limepandwa zaidi paina na saiprasi. Mashamba ya wakulima yana migrivilea, mikaratusi na miwati, mingi yake ikiwa imepandwa kando ya makinga maji tangu miradi ya kuhifadhi udongo ya Lushoto ya miaka ya 1980. Mgrivilea wa mkulima hauhitaji silinda ya sentimita za ujazo 106. Msumeno wa nusu ya ujazo huo hukata haraka, hunywa kidogo, na hubebeka kupanda ngazi za makinga maji. Mashine kubwa imebaki kwa wale wanaopasua mbao kwa mkono huru: kwanza huchora mstari kwa uzi uliochovywa kwenye oili chafu, kisha hupitisha baa kwa urefu wa gogo.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa kali. Njia inayokatwa na mnyororo mzito ina upana wa takribani milimita 10. Ubao wa milimita 25 unaopasuliwa nao hugharimu milimita 35 za gogo, yaani zaidi ya robo ya mti hugeuka vumbi, kabla ya kuhesabu mikato iliyopinda. Msumeno wa bendi wenye njia ya milimita 3 hupoteza karibu sehemu moja ya tisa. Kwenye gogo linalotoa mbao kumi kwa chensoo, bendi hutoa kama kumi na mbili na nusu. Hata mashine za msumeno wa duara zinazohamishika, zile zinazojulikana kwenye mashamba ya miti ya Tanzania kama ding-dong, hutoa ubao ulionyooka zaidi. Lakini bendi na ding-dong huhitaji gogo kuletwa kwenye mashine, au mashine kufikishwa penye gogo kwa barabara. Mti uliosimama bondeni, mali ya mkulima mmoja anayeuza miti mitatu kwa ajili ya ada ya shule, haubebi gharama hiyo. Kwa hiyo chensoo huendelea kupasua, na hasara ya vumbi hulipwa na mwenye mti kupitia bei ndogo anayopewa, mara nyingi bila yeye kuijua.

Ufufuaji wa msumeno mkongwe huanza kwenye silinda. Fundi huvuta kamba ya kuwashia. Ikija kirahisi, ringi zimelegea au pistoni imechunika. Chanzo cha kawaida cha pistoni kuchunika ni sili za kreki zilizokauka, ambazo huruhusu hewa kuingia ndani. Mchanganyiko hupungukiwa petroli, na kwa kuwa oili ya kulainishia imo ndani ya petroli hiyohiyo, chuma hukwaruza chuma. Anayebadilisha pistoni na kuacha sili za zamani atairudia kazi hiyo. Kisha hufuata kabureta, ambamo ngozi ya mpira inayosukuma petroli hukakamaa, na pointi za magneto, ambazo mara nyingi huhitaji msasa tu. Injini za kizamani hutaka sehemu moja ya oili kwa ishirini na tano za petroli ikiwa oili ni ya kawaida. Uwiano wa moja kwa hamsini ni wa oili maalumu, na kuuiga kwa oili ya galoni isiyojulikana ndiko kunakoua mashine nyingi.

Mlima nao una masharti yake. Shume iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni takribani asilimia 80 ya lile la Tanga. Msumeno uliorekebishwa Mombo ukipanda huko hupata petroli nyingi kuliko hewa, hufuka moshi na kukosa nguvu. Fundi hupunguza petroli kwa kukaza skrubu ya kabureta. Ukiteremshwa bila skrubu kurudishwa, petroli huwa haba na pistoni huungua. Mnyororo pia hunolewa kwa kazi yake: meno ya kukatia mti kwa upana hunolewa kwa pembe ya nyuzi 30 hivi, ya kupasulia mbao kwa nyuzi 10.

Soko la wakusanyaji lina kanuni tofauti kabisa. Linathamini McCulloch, Homelite, Pioneer ya Kanada, Jonsered, Partner, Dolmar na Stihl za kabla ya breki ya mnyororo, iliyoenea kuanzia miaka ya mwanzo ya 1970. Kufufua kwao maana yake ni kurudisha hali ya kiwandani, na mashine iliyopakwa rangi upya kwa brashi hushuka thamani. Misumeno iliyofanya kazi misituni Afrika Mashariki mara chache hukidhi sharti hilo: mpini umechomelewa, tangi ni la mashine nyingine, kibati kimeng'oka. Ikifa kabisa huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haiilindi, kwani inalenga vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, milango ya nakshi ya kabla ya 1940, na vitu vya kiutamaduni.

Sheria inayomgusa mwenye chensoo ni ile ya Misitu, Namba 14 ya mwaka 2002. Kuvuna kwenye msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa, na vifaa vilivyotumika vinaweza kutaifishwa. Mbao halali hugongwa nyundo ya afisa misitu na kusafiri na hati yake. Mnunuzi wa msumeno wa mtumba hutazama mgandamizo wa silinda, uimara wa baa na kama vipuri vinapatikana Tanga au Dar es Salaam, lakini hufanya vyema kudai pia maandishi ya mauziano, kwa sababu mashine isiyo na namba wala mmiliki wa awali anayejulikana ni ngumu kuitetea mbele ya askari wa misitu.