Mama, Maradhi na Kalamu

Hapa Nachingwea na Ruangwa tunawasikia akina mama wakisema: ukiwa na watoto, maradhi na msimu wa korosho, kuandika utaandika saa ngapi?

Tumtazame Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa mjane tena mgonjwa, alimtungia bintiye, Mwana Hashima, utenzi wa wasia, akimtaka achukue wino na karatasi. Yeye alifariki miaka michache baadaye. Utenzi unasomwa hadi leo.

Hakuacha ulezi ili atunge. Utungo wenyewe ulikuwa ulezi. Basi wanafunzi, mama akiwa na la kusema na mikono imeshikika, shikeni nyinyi kalamu.